Kompyuta isiyo na kibodi wala mausi inaokota wapi unasibu

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote pamoja na majibu ya wadau, na nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu baadhi ya ushauri uliopewa humu utakuingiza chaka.

Kwa waliochelewa kuingia: mwenye uzi anasimamia kompyuta za duka la jumla Kariakoo lenye matawi Mbagala na Tegeta. Walinunua mashine za ofisi za mtumba, akazipiga CentOS 7 (toleo la Linux). Moja ndiyo seva ya mahesabu, imepandishwa juu ya kabati haina skrini, kibodi wala mausi, anaiingia kupitia mtandao kwa SSH tu. Alipotaka kutengeneza ufunguo wa gpg (programu ya kufunga data kwa siri) wa kufungia bakapu, gpg ikakaa. Ikamwambia haina baiti nasibu (zisizobashirika) za kutosha, afanye shughuli nyingine ili mfumo upate nafasi ya kukusanya. Akaenda kula, akarudi, bado imekaa. Mdau mmoja akamwambia achomeke mausi aitikise. Mwingine akasema aweke programu ya haveged. Wa tatu, kwa kujiamini kabisa, akampa amri ya `rngd -r /dev/urandom` (rngd ni programu ya kuilisha mashine unasibu) na kumhakikishia kwamba inamaliza kazi sekunde hiyo hiyo. Wa nne anataka anunue kifaa cha USB, wa tano kaja na habari za maikrofoni. Na chini kabisa mwenye uzi akaongeza, kama jambo la kupita tu, kwamba mashine za matawi alizikloni kwa dd (amri ya kunakili diski nzima) kutoka kwenye hii hii.

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika. Gpg kugoma ni usumbufu tu, utapita. Kukloni namna hiyo ni hatari, na hakuna aliyeligusa. Nitalifikia, ila halitaeleweka bila kujua kwanza kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) inapata wapi namba zake nasibu.

Prosesa imeumbwa kutii. Ukiipa mwanzo uleule itakuletea mwisho uleule, leo na mwakani. Ufunguo wa siri unataka namba ambayo hata mwenye mashine pacha na yako, aliyeiwasha saa moja na wewe, hawezi kuibashiri. Programu peke yake haizai namba ya hivyo, kwa hiyo kerneli inalazimika kuvizia mambo yanayotokea nje ya mahesabu yake. Theodore Ts'o aliiandikia Linux kazi hii mwaka 1994, na wazo lake la msingi bado lipo: kila kifaa kinapoisumbua prosesa, tazama saa, ile ndogo kabisa unayoweza kuipata, kisha changanya usomaji huo kwenye akiba moja kwa kutumia hashi (hesabu inayosaga data isirudishike nyuma). Alichagua hashi badala ya msimbo wa kufungia data kwa sababu enzi hizo Marekani ilibana usafirishaji wa programu za usimbaji kwenda nje. Yaani sheria ya huko ya kusafirisha bidhaa nje ndiyo iliyoamua umbo la kodi (maandishi ya programu) ambayo leo kila abiria wa daladala mwenye Android anatembea nayo mfukoni.

Watu wengi hudhani kinachookotwa kwenye kibodi ni herufi. Herufi nazo zinachanganywa, lakini kinachohesabiwa ni muda. Tukio likiingia, kerneli inachukua aina yake, kodi (namba) ya kitufe, thamani, na usomaji wa kihesabu cha mizunguko ya prosesa. Halafu inatoa muda wa tukio lililopita kwenye wa sasa, inatafuta tofauti ya tofauti hizo, kisha tofauti ya hizo nazo. Iliyo ndogo kati ya hizo tatu ndiyo inayotumika kukadiria tukio limeleta biti ngapi, na hata liwe la ajabu vipi, tukio moja halipewi zaidi ya biti 11. Karani anayepiga kibodi kwa mdundo mmoja tangu asubuhi anachangia kidogo kuliko mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja. Na ukikandamiza kitufe ukakiacha kijirudie huambulii kitu, kwa sababu kodi imeandikwa makusudi ipuuze marudio. Wale wanaoegesha kopo juu ya kitufe cha nafasi wakiisubiri gpg, poleni sana.

Mausi ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Ukitaka kujionea, chukua laptop yenye mausi ya USB, angalia mausi ni event namba ngapi kwa `cat /proc/bus/input/devices`, halafu andika hivi, ukibadilisha hiyo 5 iwe namba uliyoikuta:

`sudo xxd -c 24 /dev/input/event5`

Tikisa mausi. Kwenye mfumo wa biti 64 kila tukio lina baiti 24, ndiyo maana nimekata mistari hapo. Baiti 8 za mwanzo ni sekunde, na hizo karibu zote zimeganda. Nane zinazofuata ni sehemu za milioni za sekunde, lakini kwa kuwa hazivuki 999,999, ni tatu tu zinazocheza, tano ni sifuri tupu. Kisha 2 za aina ya tukio, 2 za kodi, 4 za thamani. Na thamani yenyewe mara nyingi ni 1, au 2, au hasi 1 inayoonekana kama ffffffff. Ukisogeza mausi mshazari unapata matukio matatu, la mlalo, la wima na la kufunga hesabu, yote yana muhuri wa saa uleule. Baiti 72 zimemwagika kwenye skrini na macho yanakudanganya kwamba umepata mali.

Sasa toa muhuri mmoja kwenye unaofuata. Mausi za kawaida za USB zinaulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti inazungukazunguka kwenye 8,000. Inapungua kidogo, inazidi kidogo, na kwenye huko kupungua na kuzidi ndiko mali ilikojificha pamoja na kidogo kilichomo kwenye mwendo wa mkono wako. Katika baiti zile 72 unaondoka na biti za kuhesabu kwa vidole. Kerneli yenyewe inafaidi zaidi yako kwa sababu inasoma kihesabu cha prosesa, kinachopiga hatua mabilioni kwa sekunde, na kwa saa ya kasi hiyo hata foleni ndogo ya kazi nyingine ndani ya mashine inaonekana.

Hayo ni ya mwenye laptop. Seva yako ya juu ya kabati haina kibodi wala mausi, na kuandika kwa SSH hakuhesabiki kama kibodi. Kwa kerneli hizo ni pakiti zinazoingia kwenye kadi ya mtandao, basi.

Zamani seva za namna hii zilikuwa zinabebwa na diski. Ndani ya diski ya kuzunguka kuna hewa, hewa hiyo inavurugika, na muda wa kusoma unayumba kwa kiasi kisichobashirika. Don Davis, Ross Ihaka na Philip Fenstermacher walichapisha utafiti wa jambo hilo mwaka 1994, na Ihaka ndiye huyo huyo mmoja wa waanzilishi wa lugha ya R ambayo watu wa takwimu pale Mlimani wanaijua. Sasa mtu akinunua mashine ya mtumba, jambo la kwanza fundi anaing'oa diski ya kuzunguka anaweka SSD. Sawa kabisa, hata mimi nawafanyia wateja hivyo. Lakini hebu angalia:

`cat /sys/block/sda/queue/add_random`

Kwenye SSD utakuta 0. Kerneli imeacha kuichukulia muda, kwa kuwa hakuna kinachozunguka.

Zinabaki intarapti, yaani ishara za vifaa vinavyoisumbua prosesa: kadi ya mtandao, kidhibiti cha diski, milango ya USB. Kerneli kuanzia 3.6 zinaokota kwenye intarapti za vifaa karibu zote, ila kwa mkono wa birika. Kwa miaka mingi hesabu ilikuwa hivi: zikifika intarapti 64, au sekunde moja ikipita, ndipo akiba inaandikiwa biti 1. Gpg yako inadai mamia ya baiti. Chukua 284, namba inayojitokeza sana kwenye ule ujumbe wake. Hizo ni biti 2,272. Kwa biti moja kila sekunde ni zaidi ya nusu saa, na hapo tumesema hakuna mwingine anayechota.

Wachotaji wapo. Kwenye kerneli za umri wa hiyo 3.10 ya CentOS 7 yako, andika `cat /proc/sys/kernel/random/entropy_avail` mara kadhaa mfululizo, utaona namba ya biti zilizohesabiwa kwenye akiba inashuka kila ukiitazama. Kila programu inapoanzishwa kerneli inaipa baiti 16 nasibu za kujikinga, na cat nayo ni programu. Kwa hiyo ule ushauri unaotolewa sana wa kuiacha watch ikiirudia amri hiyo ili uone akiba ikipanda, huo huo ndio unaoikausha.

Sasa tuje kwa mdau wa `rngd -r /dev/urandom`, na nitasema wazi: usiiweke hiyo. Kerneli ina milango miwili ya kutolea namba: /dev/random, ambayo kwenye kerneli yako inagoma akiba ikipungua, na /dev/urandom, isiyogoma. /dev/urandom inatoa namba zilizozalishwa kutoka kwenye akiba ile ile. rngd inazichukua, inazirudisha, na inaitangazia kerneli kwamba imeleta unasibu mpya, uhesabiwe. Ni kufungulia bomba la tangi lako, kujaza ndoo, kupanda juu na kuimimina kwenye tangi hilo hilo, kisha kumwambia mwenye nyumba maji yametoka. Gpg itafurahi kweli. Hakuna tone lililoingia.

Watu huchanganya mambo mawili hapa. Kuandika tu kwenye /dev/random ni ruhusa kwa yeyote na hakuna madhara: kerneli inachanganya ulichoandika na haikihesabu. Ili kihesabiwe lazima upite kwenye wito uitwao RNDADDENTROPY, ambao ni wa mwenye mamlaka ya root, na rngd inayo. Kerneli haina namna ya kuhakiki, inapokea neno lake. Kwa haki ya mdau, mashine iliyokwisha kuwaka muda mrefu ikifanya kazi zake, namba za urandom ni nzuri na ufunguo wake ungekuwa salama. Balaa ni kwamba watu wakishaona imefanya kazi wanaiweka ianze pamoja na buti, na wakati wa buti ndio hasa akiba haina kitu. Hapo unakuwa umezima kengele pekee uliyokuwa nayo.

Ukitaka suluhisho la leo la hiyo seva, anza na prosesa:

`grep -c rdrand /proc/cpuinfo`

RDRAND ni amri ya prosesa inayoleta namba kutoka kwenye sakiti ya kelele iliyomo ndani ya chipu. Intel waliileta mwaka 2012 na kizazi cha tatu cha Core. Mashine za mtumba zinachanganya kizazi cha pili na cha tatu ndani ya maboksi yanayofanana kwa kila kitu, na muuzaji atakwambia "hiyo ni i5 bosi" na mazungumzo yameisha. Soma namba yenyewe: i5-2400 haina, i5-3470 inayo. Ukipata jibu kubwa kuliko sifuri, weka rng-tools, washa huduma ya rngd bila hiyo `-r` ya mdau, na gpg itapita. Jibu likiwa sifuri, ingia BIOS uone kama kuna TPM (chipu ya usalama) na kama imewashwa, maana mashine nyingi za ofisi zinayo na ina chanzo chake cha namba. Soma faili la `/sys/class/misc/hw_random/rng_available` uone kerneli imeona nini. Ikishindikana yote, haveged. Jiandae na usumbufu mmoja: CentOS 7 ilifikia mwisho 30 Juni 2024 na hazina zake za kawaida zimefungwa, kwa hiyo yum itagoma mpaka uielekeze vault.centos.org.

Mdau wa haveged hajakosea. Programu ile inatumia kuyumba kwa muda wa prosesa yenyewe, namna kashe (kumbukumbu ndogo ya prosesa) na utabiri wa matawi ya kodi vinavyoifanya kazi ile ile imalizike mapema mara hii na kuchelewa mara ijayo. Wapo wanaobisha kwamba hiyo ni fujo tu isiyoeleweka vizuri, si unasibu halisi, na ubishi wao una uzito kwenye vichipu vidogo visivyo na kashe wala kihesabu cha maana. Kwenye i5 sina wasiwasi nayo.

Najua kuna atakayekuja kuuliza kwa nini tuiamini Intel. Swali la haki. Baada ya Edward Snowden kumwaga nyaraka za siri za ujasusi wa Marekani mwaka 2013 kuna watu walianzisha ombi la kutaka RDRAND iondolewe Linux, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akawajibu kwa ukali wake wa siku zote kwamba wakasome kodi kwanza. Ts'o naye mwaka huo huo aliandika kwamba anafurahi alikataa shinikizo la kuifanya /dev/random itegemee RDRAND peke yake. Wote wawili walikuwa upande mmoja. Namba za RDRAND zinachanganywa na muda wa intarapti, na kibodi, na mbegu (namba za kuanzia) iliyohifadhiwa kwenye diski. Adui akijua chanzo kimoja chote bado amebaki na vingine asivyovijua, na hashi haimwachii mlango wa kuvitenganisha. Chanzo kibovu hakiharibu kizuri, ilimradi hakijahesabiwa kama ndicho kila kitu.

Na ubovu hauhitaji njama. Kuna prosesa za AMD ambazo zikishaamka kutoka usingizini RDRAND yake ilikuwa inarudisha biti zote 1, kila ukiuliza. Mwaka 2019 Ryzen 3000 zilitoka na kasoro ya namna hiyo kabla BIOS hazijarekebishwa, na baadhi ya distro (matoleo ya Linux) zenye systemd (programu inayowasha huduma za mfumo) zikashindwa hata kuwaka. Programu iliyokuwa inaitegemea amri hiyo peke yake ingetengeneza funguo za ffffffff huku kila kitu kikionekana shwari.

Sasa suluhisho la kudumu, nalo ni jepesi: hama hiyo CentOS 7. Kwenye kerneli za sasa tatizo lako halipo kabisa. Habari yenyewe inachekesha. Mwaka 2019 watu wa ext4 (mfumo wa faili wa Linux) walipunguza safari za diski wakati wa kuwaka ili mashine ziende haraka. Diski ikatulia, intarapti zikapungua, akiba ikachelewa kujaa, na kuna mashine zikakwama katikati ya buti zikisubiri unasibu. Mfumo wa faili umeboreshwa, kompyuta haziwaki! Torvalds akayarudisha nyuma kwanza mabadiliko yale, kisha kwenye kerneli 5.4 akaweka ndani ya kerneli wazo lililo karibu na la haveged: akiba ikiwa haijawa tayari na kuna anayesubiri, kerneli inajizungusha makusudi huku ikisoma kihesabu cha prosesa mpaka itosheke. Machi 2020 ikaja 5.6 na /dev/random ikaacha kugoma. Inasubiri mara moja tu, mwanzoni, mpaka akiba iwe tayari, baada ya hapo haiishiwi. Mwaka 2022 Jason Donenfeld akaipangua kodi yote, hashi ya SHA-1 ikatolewa ikaingia BLAKE2s, na tangu hapo entropy_avail inasoma 256 muda wote. Kila wiki kuna mtu anakuja jukwaani analia kwamba akiba yake imeganda kwenye 256. Haijaganda mkuu, imejaa. Biti 256 zikishapatikana kweli, unaweza kuzalisha namba kwa msimbo wa ChaCha20 mpaka vitukuu vyako wachoke.

Kwa hiyo wasiwasi wote unahamia kwenye dakika za kwanza za uhai wa mashine, na hapo ndipo dd yako inapoingia.

Linux ikizimwa inahifadhi mbegu kwenye diski, kwenye systemd ni faili la `/var/lib/systemd/random-seed`, ili ikiwaka tena isianze na akiba tupu. Umeme ukikatika ghafla, kama tulivyozoea, haidhuru sana kwa sababu systemd inaliandika upya mara tu baada ya kulisoma wakati wa kuwaka. Ila ukikloni diski umezipa mashine zote mbegu moja. Mashine za aina moja, diski za aina moja, zinawaka kwa hatua zile zile, zina mbegu ile ile. Kinachozitofautisha ni anwani za kadi za mtandao, ambazo si siri, na kuyumba kudogo kwa intarapti. Kama prosesa zina RDRAND umepona hapo, kama hazina ni kheri yako.

Usidhani ni nadharia. Mwaka 2012 Nadia Heninger, Zakir Durumeric, Eric Wustrow na J. Alex Halderman waliukagua mtandao mzima na kukusanya funguo za wazi za RSA. Ufunguo wa RSA ni zao la namba tasa mbili kubwa. Vifaa vidogo, ruta na vizuizi vya mtandao, vilikuwa vinatengeneza funguo mara vinapowashwa mara ya kwanza, akiba ikiwa tupu, na viwili tofauti vikaangukia namba tasa ile ile moja. Hapo hata hauhitaji kompyuta ya kutisha: tafuta KKS ya funguo hizo mbili, ile ile kigawo kikubwa cha shirika cha shule ya msingi, namba tasa inajitokeza, na funguo zote mbili zimefunguka. Walipata funguo za siri za asilimia 0.50 ya seva za TLS (mawasiliano yaliyofungwa, kama ya tovuti za https) walizozikuta. Miaka minne kabla yake, Mei 2008, ilikuwa zamu ya Debian, toleo jingine la Linux: mtu alitoa mstari kwenye programu ya usimbaji ya OpenSSL ili kunyamazisha onyo la chombo cha ukaguzi, na kwa karibu miaka miwili kitu pekee kilichobadilika kwenye mbegu kilikuwa namba ya mchakato. Funguo 32,767 kwa kila aina na ukubwa, zote zinapakulika kama orodha.

Lakini kwako kuna la wazi zaidi ambalo halihitaji hesabu yoyote. Ukikloni mashine iliyokwisha kuwaka, umekloni na funguo za SSH zinazoitambulisha mashine yenyewe. Kwenye kila tawi andika:

`ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`

Nina hakika Mbagala, Tegeta na Kariakoo zitakupa mstari mmoja. Maana yake anayeiba ile ya Mbagala usiku anaweza kujifanya seva ya mahesabu ya Kariakoo na SSH yako haitashtuka hata kidogo. Ofisi nyingi za hapa mjini nilizoingia zina hali hii, kwa sababu fundi ana imeji (nakala ya diski nzima) moja nzuri kwenye flashi na anaimwaga kila anakokwenda.

Kwenye kila tawi, moja moja, futa `/etc/ssh/ssh_host_*`, kisha `ssh-keygen -A` zizaliwe mpya, uanzishe sshd upya. Futa random-seed, na machine-id (kitambulisho cha mashine) ifute yaliyomo ibaki faili tupu, uache systemd itengeneze zake ikiwaka. Fanya hivyo baada ya mashine kukaa imewaka na inafanya kazi, si ndani ya dakika ya kwanza. Na imeji yako ya flashi isafishe vitu hivyo vyote kabla ya kuifunga, ili mashine inayofuata ijizalie za kwake. Kompyuta zako za kuingilia zitalalamika kwamba seva imebadilika. Futa mstari wa zamani kwenye known_hosts (orodha ya seva zinazojulikana) uendelee.

La maikrofoni ni tamu, nimelichezea sana, ingawa kwa seva ya duka silipendekezi. Kadi ya sauti isiyochomekwa kitu, ukiongeza sauti ya kuingiza mpaka mwisho, inanasa kelele za joto za elektroni kwenye sakiti yake. Rekodi sekunde kumi kwa `arecord -f S16_LE -r 44100 -d 10 -t raw kelele.raw`, utazame kwa xxd. Kwenye bodi nyingine utakuta sifuri mwanzo mwisho, kadi imezima mlango wenyewe. Kwenye nyingine namba zinacheza kati ya hasi tatu na tatu, hapo kuna kitu. Ukichomeka maikrofoni kweli ndiyo unaharibu: unapata pangaboi, jenereta ya jirani, na mngurumo wa umeme wa hezi 50, vitu vinavyojirudia na ambavyo mtu wa chumba cha pili anavisikia vilevile. Chukua biti ya chini kabisa ya kila sampuli, zipange mbilimbili, tumia hila ya von Neumann: 01 iandike 0, 10 iandike 1, 00 na 11 tupa. Inaondoa upendeleo wa biti moja kuzidi nyingine, kwa gharama ya kutupa robo tatu au zaidi ya ulichokusanya. Haiondoi uhusiano kati ya sampuli na jirani yake, kwa hiyo mwisho pitisha vyote kwenye SHA-256, umimine /dev/random bila kudai vihesabiwe.

Na tafadhali msiniletee picha za rngtest (programu ya kupima unasibu) kama ushahidi. Nikichukua SHA-256 ya 1, ya 2, ya 3 na kuendelea, nikaziunganisha, zitafaulu mtihani ule vizuri tu, na hakuna unasibu wowote humo ndani. Mtihani unakamata chanzo kilichokufa. Chanzo kinachobashirika na mtu anayejua ulivyokitengeneza hakikamati.

Kifaa cha USB acha. Hela hiyo nunua UPS.

Mkuu, ukirudi weka hapa jibu la `uname -r`, la ile grep ya rdrand kwa kila mashine, na mistari ya `dmesg | grep random` ya mashine mojawapo ya tawi ikiwa imetoka kuwaka. Nataka hasa kuona hiyo ya Mbagala imechukua sekunde ngapi kuwa tayari.